Mstari wa Chumba cha Gundi

Mjomba wangu si mtu wa kuandikwa. Hajawahi kugombea chochote, hajawahi kutokea gazetini, na alipostaafu walimpa saa ya ukutani ambayo mpaka leo imo ndani ya boksi lake, kwa sababu saa aliyokuwa nayo inatembea vizuri na yeye hapendi vitu viwili vya kazi moja. Naandika habari zake kwa kuwa nina hasira naye ambayo haitaki kuisha. Nisipoiweka mahali nitaendelea kuwashonea watu nguo huku nimenuna, na wateja wameanza kuniuliza nina nini.

Kazini walimwita Bwana Tarajio. Alikuwa karani wa takwimu katika ofisi ya afya ya wafanyakazi, ghorofa ya pili, meza ya mwisho, karibu na kabati lisilofunga. Miaka thelathini na moja alikaa pale akichora visanduku. Kiwanda kikilalamikiwa, wakaguzi walikwenda kuwapa watu fomu za maswali wazijaze, wakarudi nazo, na zote zikaishia kwake. Yeye alizipanga kwenye jedwali la pande mbili: kwenda chini sehemu za kazi, kwenda kulia wagonjwa na wazima. Halafu alifanya hesabu aliyoiita kai-skwea, na mwisho akaandika sentensi moja tu: kuna uhusiano, au hakuna uhusiano. Mkuu wake aligonga muhuri bila kusoma, kwa maana Bwana Tarajio hakosei.

Ugonjwa huo wa kupanga dunia pande mbili aliuleta mpaka nyumbani. Mwaka mmoja alichora jedwali la majirani: wanaosalimia na wasiosalimia, wenye mbwa na wasio na mbwa. Akaja kututangazia, uso umemkunjamana kabisa, kwamba hakuna uhusiano. Hata mkewe hakuachwa, alimpima kama siku za ugomvi zina uhusiano na siku anazochelewa kurudi. Uhusiano ulikuwepo, tena mkubwa. Alimwonyesha karatasi akidhani amemaliza jambo, na yule mama wa watu akafungasha nguo zake wiki ileile. Tulicheka sana kwa hilo, yeye hayupo.

Lakini nisimcheke kupita kiasi. Baba yangu alipotutupa nilikuwa na miaka minane, na mjomba ndiye aliyekuja na mkokoteni asubuhi, akabeba kitanda, meza na sufuria zetu, akamtafutia mama chumba mtaa wa pili kutoka kwake. Kila Jumamosi alikuja kukagua daftari langu la hesabu. Mama ni mdogo wake wa pekee, na alimwamini kuliko mtu yeyote aliye hai. Nyumbani kwetu ukisikia "kaka amesema," ujue mazungumzo yamekwisha.

Mama alifanya kazi kiwanda cha viatu, chumba cha gundi. Nimewahi kuingia mle kumpelekea chakula. Ni chumba chembamba chenye madirisha mawili, moja limepigiliwa misumari, meza mbili ndefu, watu watano kila meza. Mbele ya kila mmoja pana kopo la gundi lisilo na kifuniko. Wanachovya brashi, wanapaka soli, wanasogeza, wanachovya tena, kutwa. Harufu yake ni tamu. Mama alirudi nayo kwenye kitambaa cha kichwa, nami nilipokuwa mdogo niliipenda, nikadhani ndiyo harufu ya mama.

Miaka mitatu iliyopita wafanyakazi walianza kunong'ona juu ya ganzi. Mtu anaamka hahisi vidole vya miguu, mwingine anaangusha brashi bila kujua. Malalamiko yakafika ofisini kwa mjomba, wakaguzi wakaenda, fomu mia mbili zikajazwa kiwanda kizima. Baada ya wiki mbili karatasi ilibandikwa langoni, na chini yake palikuwa na saini ya mjomba: Hakuna uhusiano kati ya sehemu ya kazi na ganzi.

Mama alivimba kichwa kwa ile saini. Alisimama pale langoni akiwaonyesha wenzake. Mwenzake wa meza ya pili alikuwa ameshaazimia kuacha kazi, na mama ndiye aliyemzuia. "Kaka yangu hana mchezo na kazi yake," alimwambia. "Akisema chumba hakina neno, hakina neno." Yule mwanamke akabaki. Siku hizi anatembea kwa kushika ukuta.

Mwaka uliofuata mama alirudi kutoka kazini jioni na ndala moja mguuni. Ya pili ilikuwa imebaki njiani, naye hakujua. Nilimwona anavuka kizingiti, mguu mmoja una vumbi mpaka kwenye vidole, nikamuuliza ndala iko wapi, akatazama chini akashtuka. Tukacheka. Baada ya hapo akaungua kwa maji ya moto na hakusikia chochote mpaka ngozi ilipovimba. Baada ya hapo magoti yakawa yanamwangusha.

Hospitali daktari alimuuliza, mimi nipo nimekaa pembeni: "Kazini kwako mama, mnatumia gundi, rangi, dawa zozote?"

"Gundi ipo," mama akasema. "Lakini haina neno. Kaka yangu aliipima."

Daktari akaandika. Kuanzia siku hiyo walimtafutia ugonjwa kwenye damu, kwenye mgongo, kwenye sukari, kila mahali isipokuwa kule. Mwenyewe alianza kuamini kwamba kosa ni lake, labda alikaa vibaya, labda hakula vizuri, labda amejiendekeza. Aliendelea kwenda kazini miezi kumi na minne zaidi kwa miguu ile, mpaka ikakataa.

Sasa hiyo ndiyo hali tuliyokuwa nayo Jumamosi moja, miezi minne baada ya mjomba kustaafu. Mama yuko kitandani chumba cha ndani, amelala usingizi wa mchana. Mimi niko chumba cha mbele ninakoshonea. Mjomba amekuja kama kawaida, amekaa kwenye stuli ya wateja, penseli sikioni. Uzi ulinikatikia mara ya tatu, nikashindwa kuvumilia.

"Mjomba, mama ameugulia wapi kama si kule kiwandani?"

"Jedwali lilisema hapana, mpwa wangu."

"Basi nionyeshe hilo jedwali. Mimi sijasoma, lakini macho ninayo."

Alifurahi, maskini. Hakuna aliyewahi kumwomba kitu kama hicho. Aliomba kopo langu la vifungo na chaki ya kukatia, akachora mistari juu ya meza yangu ya nguo. Vifungo vyeusi wenye ganzi, vyeupe wazima. Fomu zilikuwa kwake nyumbani, lakini hesabu zote alikuwa nazo kichwani.

"Fikiria kiwanda hakina kosa," akaanza, sauti imeshabadilika kuwa ya mwalimu. "Ganzi inawapata watu ovyo, haijui nani anafanya kazi wapi. Watu mia mbili, wagonjwa ishirini na nne. Sehemu ya kukata ina watu sitini. Utarajie wagonjwa wangapi? Sitini mara ishirini na nne, gawa kwa mia mbili."

"Saba na kitu."

"Saba nukta mbili. Hilo ndilo tarajio. Halafu tunatazama waliopo kweli. Ni sita. Tofauti ndogo, bahati tu. Unachukua tofauti, unaizidisha kwa yenyewe, unaigawa kwa tarajio. Unafanya hivyo kila kisanduku, unajumlisha vyote. Jumla ikiwa ndogo, hakuna kitu. Ikivuka mpaka, kuna kitu."

Alipanga mistari mitatu. Kukata: watu sitini, vyeusi sita. Kushona: watu themanini, vyeusi tisa. Mstari wa tatu: watu sitini, vyeusi tisa. Jumla yake, akasema, ilitoka sifuri nukta saba nane, na mpaka wenyewe ni tano nukta tisa tisa. Haikufika hata nusu ya nusu. Alisema hivyo akikung'uta chaki mikononi, ameridhika.

Nilitazama meza. Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu ni kuona kipande kilichokosekana.

"Chumba cha gundi kiko wapi?"

"Mstari wa tatu. Kufungasha na gundi."

"Kufungasha ni upande wa pili wa ukuta. Wanashika gundi wale?"

"Hapana. Wanatia viatu kwenye maboksi. Ila wana msimamizi mmoja na daftari moja la mahudhurio."

"Sasa umewaweka pamoja kwa nini?"

"Kanuni ya tano," akasema, haraka, kama mtu anayetaja jina lake. "Tarajio la kisanduku lisipungue tano. Chumba cha gundi kina watu kumi tu, tarajio lake la wagonjwa ni moja nukta mbili. Mstari mdogo namna hiyo unaweza kukupigia kelele za uongo. Kanuni inakwambia uuunganishe na mwingine."

"Mwingine wowote?"

Aliitoa penseli sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Unaofanana nao," akasema.

Nikamwambia, na sikumwambia kwa upole, kwamba mimi kipande kikiwa kidogo sikishonei kwenye kitambaa kingine ili mradi kitoshe, maana gauni litakataa siku ya kwanza. Alinyoosha mkono juu ya mstari wa tatu, akaanza kutenganisha vifungo. Hamsini akavisogeza juu, vyeusi vitatu. Vikabaki kumi chini, karibu na ukingo wa meza. Sita vyeusi, vinne vyeupe.

Hata kuku angeona. Sita kati ya kumi, wakati kiwanda kizima kinakupa mmoja kati ya wanane. Lakini yeye ni yeye, ilibidi ahesabu. Alihesabu nyuma ya karatasi ya kipimo cha mteja wangu, taratibu, tarakimu zake zilezile nzuri. Kisanduku cha wagonjwa wa gundi peke yake kilitoa kumi na tisa nukta mbili. Jumla ya meza yote ikawa ishirini na tatu nukta nane. Mpaka kwa mistari minne ni saba nukta nane.

"Ulijua kwamba ni sita?" nikamuuliza.

"Fomu nilizihesabu mwenyewe."

"Uliziona, sita kati ya kumi, ukaendelea?"

"Niliziona." Akaweka penseli chini. "Mama yako alikuwa mle, mpwa wangu. Niliogopa watasema nimempikia dada yangu hesabu. Nikajiambia nifuate kanuni neno kwa neno, mtu asipate pa kunishika. Kuna njia nyingine ya kuhesabu vyumba vidogo, ndefu, inachosha. Ingenichukua siku mbili. Ripoti ilitakiwa Ijumaa."

Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa, kwa sauti ya chini kwa sababu ya mama aliyelala, na sauti ya chini ni mbaya zaidi. Laiti angekuwa amekula njama na wenye kiwanda ningejua pa kuitupa hasira yangu. Mtu hakuhongwa, hakulala kazini, hakuruka hata hatua moja. Alikuwa mwaminifu mpaka akamtoa dada yake kwenye karatasi.

Alisubiri nimalize. Halafu akasema, "Usimwambie."

"Nimfiche?"

"Ndugu aliyebaki naye ni mimi tu. Akijua, ataniona mtu gani?"

"Mle chumbani bado kuna watu, mjomba. Na mama anajilaumu kila siku ya Mungu. Una mpaka Ijumaa ijayo. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi."

Ijumaa. Niliitaja makusudi.

Jumapili alikuja na faili kwenye mfuko wa plastiki, akakaa meza yangu ya nguo kuandika barua kwa ofisi yake ya zamani. Vifungo havikuwa vimeondolewa; nilimwekea ubao juu yavyo. Aliandika kurasa mbili. Hakujitetea. Alieleza mistari aliyoiunganisha, akaeleza kwamba haikupaswa kuunganishwa, akaandika jina lake lote na tarehe ya ripoti ile. Mtu aliyeishi kwa jina la kutokosea aliandika "nilikosea" mara nne, nilihesabu.

Wakati anaandika mimi nilikuwa napekua fomu. Fomu kumi za chumba cha gundi alikuwa amezibana pamoja kwa pini. Nilitaka kuiona ya mama, nione mwandiko wake. Nikazitoa zile sita zilizoandikwa "ndiyo" kwenye swali la ganzi, nikazisoma moja moja. Mwenzake wa meza ya pili alikuwemo. Mama hakuwemo. Nikarudia.

"Hayupo," nikasema. "Fomu yake imepotea."

Mjomba hakuinua kichwa. Penseli ilikuwa imesimama juu ya karatasi.

"Tazama zile nne," akasema.

Ilikuwa ya pili kutoka mwisho. Mwandiko wa mama, herufi zilizosimama wima. Ganzi mikononi au miguuni: hapana. Kuanguka au kujikwaa bila sababu: hapana. Na pale chini, kwenye maoni mengine, alikuwa ameandika: Tunaomba dirisha la pili lifunguliwe.

Nilikuwa nimedhani muda wote kwamba yeye ni mmoja wa vifungo vyeusi, kwamba karatasi ile ya langoni ilimkuta tayari ameharibika, haikumwongezea wala kumpunguzia. Kumbe alikuwa mzima. Alikuwa na miguu yake yote miwili siku ile mjomba alipochora mstari mmoja badala ya miwili. Niliinua ubao nikavitazama vile vinne vyeupe, nikakaa chini, nikalia. Mjomba naye alilia, bila sauti, akiifunika barua kwa kiganja isilowe.

Jumatatu aliipeleka mwenyewe, akapanda ngazi mpaka ghorofa ya pili. Alhamisi wakaguzi walikwenda, chumba kikafungwa, watu saba waliokuwa mle wakatolewa na kupelekwa kupimwa. Watatu kati yao walikuwa wageni wa mwaka huu. Ile karatasi ya langoni waliibandua.

Ijumaa mchana alikuja amevaa shati la ofisini. Mama alikuwa ameketi kitandani, mgongo ukutani, miguu imenyooshwa juu ya mto. Alimkaribisha kwa furaha, akaniambia nimletee kaka kiti. Kaka alikataa kiti. Alimwambia akiwa amesimama, mikono nyuma, yote, kuanzia kanuni mpaka barua. Mimi nilisimama mlangoni. Nilikuwa tayari kumsaidia asipofika mwisho, lakini alifika.

Swali la kwanza la mama lilikuwa: "Waliobaki mle wametoka?"

"Wametoka. Jana."

"Na mwenzangu wa meza ya pili, umemwambia?"

"Bado. Nitakwenda kwake leo."

"Nenda. Mimi ndiye niliyemzuia asiondoke, mwambie na hilo, asidhani nimesahau." Alivuta shuka, akalinyoosha juu ya magoti. "Na mimi ulinihesabu, kaka?"

"Nilikuhesabu."

"Upande upi?"

Mjomba alinitazama mimi, kisha akamtazama yeye.

"Wa wazima," akasema.

Mama aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayekumbushwa kitu alichokuwa anakijua. Hakulia, hakumlaani. Alitazama dirishani, palipokuwa na jua la kutosha, akasema anataka kukaa nje kidogo, amechoka na ukuta huu. Viatu vyake vya turubai vilikuwa chini ya kitanda, vya kiwanda kilekile, walimpa alipotimiza miaka kumi ya kazi.

"Nivalishe," akamwambia kaka yake.

Nilijongea kumsaidia, mama akanizuia kwa mkono. Mjomba alipiga magoti, magoti yake ya kizee yakalia. Alishika mguu wa kulia, akauingiza taratibu, akarekebisha ulimi wa kiatu, akakaza kamba akafunga mafundo mawili. Akafanya hivyo hivyo wa kushoto. Akaviminya kwa kidole gumba pale mbele, kwenye vidole, kama tunavyofanya sote tunapomvisha mtu kiatu.

"Vinabana?" akauliza.

Mama akamtazama.

"Sijui, kaka," akasema.